Chini ya jiwe: uchambuzi wa kisa cha injini iliyozama upande wa Igombe

Kisa chenyewe, cha wapiga mbizi wawili waliopotezana chini ya jiwe ndani ya Ziwa Victoria, kina dakika sita tu. Kabla ya hizo sita kuna basi la kutoka Dar, maongezi ya mwaloni (pale boti za wavuvi zinapotia nanga) na nusu saa ya kutafuta injini. Vyote nitavieleza, kwa sababu kila kimoja kiliingiza mkono wake. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa msafara siku ile, kwa hiyo lawama nyingi humu ni zangu. Majina nimeyaacha; wenyewe wanajijua.

Mama mmoja anafuga sato kwenye vizimba kaskazini mwa jiji la Mwanza, upande wa Igombe. Asubuhi moja boti yake ilikuwa inapeleka chakula cha samaki, ikagusa mwamba karibu na kisiwa kidogo cha mawe matupu, kile ambacho mnandi wamekipaka chokaa kwa vinyesi vyao. Skrubu za kubania injini zilikuwa zimelegea. Injini ya farasi 15 ikachomoka, ikatumbukia. Nahodha, mzee aliyevua ziwa hili tangu ujana, hakuwa na GPS wala hakuihitaji. Alitazama pande mbili: mti fulani wa nchi kavu ulikuwa umekaa juu ya jiwe gani, na ncha ya kisiwa ilikuwa imeziba paa gani la bati. Hayo yakamtosha.

Mama akanipigia. Makubaliano yalikuwa laki tatu injini ikitoka, na ikikosekana mafuta ya boti tu. Kumbuka hiyo "ikitoka".

Mimi kazi yangu ya kila siku ni vizimba: kutoa samaki waliokufa, kushona nyavu zilizotoboka, kukagua nanga. Nilimwita mdogo wangu wa kazi, kijana aliyefundishwa Nungwi na kuongoza watalii kwenye matumbawe ya Unguja kwa miaka minne. Ndani ya maji ya chumvi sijaona aliyetulia kama yeye. Alikuja kwa basi, amefika siku mbili kabla, na konda alimsumbua njiani aliposikia kwamba kwenye begi kuna mkanda wa risasi. Ilibidi aufungue aonyeshe vipande vya madini, uzito wa kumsaidia mpiga mbizi kushuka.

Nadokeza jambo kwa wasio wa huku. Mwanza ukijitambulisha kuwa mzamiaji, nusu ya watu wanadhani ulijificha melini kwenda Ulaya, na nusu nyingine wananyamaza kidogo. Hao wa pili wanakumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, na Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale Ukara. Hapa kwetu mzamiaji ni mtu wa kuitwa kutafuta maiti. Ndiyo maana nahodha, tulipokuwa tunavaa mitungi, alitupa shikamoo ya utani halafu akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, injini inanunulika."

Tuliingia majini saa nne na nusu asubuhi. Ziwa lilikuwa limelala kama maziwa kwenye sufuria. Kila mmoja alikuwa na mtungi wa lita 12 wenye shinikizo la baa 200 (siyo ile baa ya bia). Tulikuwa na tochi moja, yangu. Tulikuwa na kamba ya manila ya kufungia injini, imefungwa juu kwenye boti.

Maji ya huku ni ya kijani. Mwani umejaa, na mita mbili za kuona mbele ni siku nzuri. Karibu na visiwa unaweza kupata tatu. Tulizunguka chini kwenye mita tisa kwa dakika ishirini na tano, tukapata chupa, kipande cha wavu wa makila na sahani ya bati. Mwisho dogo akaona mkwaruzo mweupe juu ya jiwe. Injini ilikuwa imeangukia pale, ikateleza kwenye mteremko wa changarawe, ikaingia ndani.

Ndani ya nini? Mawe mawili makubwa yameegemeana, la tatu limelala juu yao. Mdomo una upana wa mita mbili na kimo cha mita moja na nusu, unatazama mashariki. Ndani pana nafasi kama kibanda cha M-Pesa, sakafu inashuka kidogo kwenda nyuma. Injini ilikuwa imelala mita nne hivi kutoka mdomoni, ubavu kwa ubavu na ukuta.

Tulipanda juu kwa dakika moja kumweleza nahodha. Geji, vipimo vya hewa iliyobaki mtungini, zilisoma baa 130. Nahodha akauliza iko wapi. Nikamjibu, "Imeingia chini ya jiwe." Dogo akasema, "Chini ya jiwe siyo mbali, kaka." Tukarudi.

Tukaingia wote wawili. Nilifunga kamba kwenye shingo ya injini, tukaanza kuivuta pamoja. Haikusogea, pangaboi lilikuwa limenasa. Dogo akapita upande wa pili ili aisukume. Dakika ya saba hivi vumbi la chini, ambalo lilikuwa linapanda kidogo kidogo na tukilipuuza, likafunga. Sisemi palikuwa na ukungu. Niliweka geji kwenye kioo cha miwani nisione namba. Namba za mwisho nilizoziona zilikuwa 110 kwangu, na dogo anasema yake ilikuwa 105.

Hapo ndipo dakika sita zinapoanza.

Nilikuwa nimeshika injini, nikagusa fundo, nikapata kamba. Nikasema moyoni, basi tumepona. Nikaifuata kamba kwa mkono, futi kwa futi, nikafika ukingoni mwa jiwe, kamba ikaingia kwenye ufa ambao haupitishi hata kiganja. Nikaivuta, imekaza. Nikarudi kwenye injini.

Wakati huo nilisikia ngo, ngo, ngo. Dogo alikuwa anagonga mtungi wake kwa kisu. Niligeuka kulia, kushoto, nyuma. Sauti ilikuwa kila mahali, kana kwamba anagonga ndani ya fuvu langu. Yeye anasimulia hivi: aliponipoteza alifanya alichofanya maisha yake yote akipata shida, alipanda juu. Akagonga kichwa. Akajaza hewa kwenye jaketi la kuelea ili apande vizuri zaidi, akabanwa darini kama puto, mgongo na mtungi vimegusa jiwe, miguu inaning'inia. Kila alipotoa pumzi, mapovu yaliporomosha uchafu wa dari juu yake.

Mimi nilikaa. Siyo kwa ujasiri. Sikuwa na pa kwenda. Tochi ilikuwa inanirudishia weupe mtupu usoni, ule wa kuwasha taa kubwa kwenye vumbi la barabara ya rafu. Nikaizima ili macho yapumzike. Giza likatanda, halafu baada ya muda ambao siwezi kuupima, upande mmoja haukuwa na giza sawa na pande nyingine. Ukawa wa kijani. Katikati ya ule ukijani kulikuwa na kitu kirefu kinachocheza, na kilikuwa mguu wa dogo. Nikamshika kifundo, nikamvuta chini, akaelewa, akatoa hewa ya jaketi, tukatoka nje kupitia ule ukijani.

Juu, geji yangu ilisoma 75. Yake 55.

Nilipomwambia kwamba tumeponea chupuchupu, dogo alinishangaa. "Kaka, tumetoka na hewa. Shida nini?" Na kwa kanuni aliyofundishwa yuko sahihi kabisa. Baharini tunaambiwa: rudi botini na 50. Alirudi na 55. Kwenye daftari la kawaida, siku ile hakuna kilichotokea. Mimi naona kilitokea, na ninataka kuonyesha ni wapi.

Naanza na risasi, kwa sababu tope halikujipandisha.

Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1,025 hivi kwa kila mita ya ujazo, ya ziwa yana kilo 1,000. Mtu na vifaa vyake vyote wakiwa na ujazo wa kutosha kilo mia moja za maji, akitoka Nungwi na kuja Igombe anapoteza kilo mbili na nusu za kuelea. Dogo alizoea kilo nane za risasi kiunoni. Akazivaa hizohizo nane. Alichohitaji ni tano na nusu, sita akitaka kuwa na amani. Kilo mbili na nusu zinasikika kama mfuko wa unga, lakini tazama zinamfanyia nini mtu. Zinamvuta kiunoni, yeye anajaza hewa kwenye jaketi ili asigote chini, hewa inakaa kifuani, risasi zinabaki kiunoni, mwili unasimama wima. Akitembea, mapezi yanapiga chini kila teke. Kwenye mchanga wa Nungwi mchanga unapanda na kutua hapohapo. Chini ya jiwe la Ziwa Victoria kuna unga wa mwani uliokufa, vinyesi vya samaki na tope laini ambalo halijaguswa, na huo ukishapanda unaweza kukaa hewani, yaani majini, kwa saa nyingi.

Mimi niliona mkanda wake botini. Nilihesabu vipande. Sikusema kitu, kwa kuwa mtu mzima hapangiwi mkanda wake, na kwa kuwa wazo langu lilikuwa kwamba akiwa mzito kidogo atakuwa na nguvu ya kuvuta injini. Hiyo ndiyo hesabu mbovu kuliko zote nilizofanya siku ile. Jaketi lililojaa hewa ya kufidia risasi ndilo lililombana darini. Mtu mwenye uzito sahihi angekuwa na hewa kidogo ya kuchezea.

Kamba sasa. Waliotuma maoni juu ya kisa hiki kwa mdomo, pale mwaloni, wengi walisema: si mlikuwa na kamba? Tulikuwa nayo, na ilitaka kuniua kwa utaratibu wake. Kamba ya kuvutia mzigo siyo kamba ya kurudia. Ilikuwa imelegea. Boti juu ilikuwa inazunguka nanga yake upepo ulipoanza kuamka, na kila ilipozunguka iliburuta kamba pembeni, mpaka ikapata sehemu nyembamba na kujichomeka. Kamba haijui upana wa mtu. Inakwenda njia fupi, na njia fupi kati ya mawe mara nyingi ni ufa. Ili kamba ikurudishe ulikopitia, lazima ifungwe nje mahali peupe, ikazwe, ifungwe tena mdomoni kwenye jiwe upande ule unaopitika, na mkono wako usiiachie au uwe karibu nayo kiasi cha kuishika bila kutafuta. Nilikuwa najua kufunga mafundo kumi na mawili ya vizimba na hili la kawaida kabisa halikunijia.

Watu walioisoma elimu hii kwa gharama kubwa ni wa Florida, Marekani. Kule ardhi ni ya chokaa, imetobolewa na maji, na chemchemi zinatoka chini zikiwa safi kama kioo, nyuzijoto 22 mwaka mzima. Mtu akisimama kwenye mdomo wa chemchemi pale Ginnie Springs anaona ukumbi mzima kwa mwanga wa jua. Ukumbi huo umewekewa nondo za chuma nyuma, kufunga njia inayoendelea ndani, kwa sababu wengi walikuwa wanasema naingia kidogo tu. Kwenye mapango mengi ya kule kuna kibao chenye picha ya mauti ameshika mundu, kinachomwambia mpiga mbizi asimame. Hakibagui: hata mwalimu wa kupiga mbizi baharini anaambiwa hapa wewe si mwalimu. Na waliokufa mle, wengi walikuwa na vyeti vya bahari, baadhi yao walimu kweli.

Mmoja wa wapiga mbizi wa kule, Sheck Exley, katika miaka ya 1970 alikaa na taarifa za vifo akazichambua moja baada ya nyingine. Akakuta mambo yaleyale yanajirudia: hakukuwa na kamba isiyokatika mpaka nje, hewa ya kurudia haikutengwa, watu walishuka kina kuliko uwezo. Baadaye yakaongezwa ukosefu wa mafunzo na upungufu wa taa. Exley mwenyewe alifia kwenye shimo la maji la Zacatón, Mexico, mwaka 1994, akitafuta kina kirefu mno. Kwa wale wanaofundishwa kuingia sehemu ya mwanga tu, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi la PADI huweka mpaka wa mita 40 tangu usoni mwa maji, ukijumlisha za kushuka na za kuingia ndani. Sisi tulikuwa na tisa za kushuka na nne za kuingia. Kumi na tatu. Kwa kipimo cha umbali tulikuwa watoto wachanga.

Ila kuna kitu ambacho chemchemi inacho na jiwe letu halina. Chemchemi inatoa maji. Ukipandisha vumbi mle, mkondo unalibeba kuelekea mdomoni, na mkondo huohuo unakusukuma nje. Chini ya jiwe la Igombe hakuna kinachotiririka. Ulichokipandisha unakaa nacho. Naona hili linaifanya nafasi ndogo ya kwetu kuwa mbaya kuliko ukumbi wao mkubwa, ingawa haipendezi hata kupigwa picha.

Hesabu ya hewa ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Kule nje, kwa dakika ishirini na tano, kila mmoja wetu alitumia baa 70. Mara lita 12, ni lita 840, yaani kama lita 34 kwa dakika. Huo ni upumuaji wa mtu aliyetulia kwenye mita tisa. Kwenye zile dakika sita mimi nilitumia baa 35, lita 420, ambazo ni lita 70 kwa dakika. Mara mbili. Dogo alitumia baa 50, lita 100 kwa dakika. Mara tatu.

Mpango wetu, kama ulikuwepo, ulikuwa tutoke geji zikikaribia 60 ili tufike juu na 50. Fikiri tope lingefunga saa ileile ambayo mpango uliruhusu tuwe bado ndani: dogo akiwa na 60. Dakika sita zilezile zingemla 50. Angefika kwenye kijani akiwa na 10, na geji nyingi kwenye 10 ni za kukisia. Tuliokolewa na tope kuwahi. Kwa mtu anayesema tulitoka na hewa, jibu langu ni hilo.

Kanuni ya mapango inagawa mtungi mara tatu: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi haiguswi. Kwa 130 theluthi ni 43, kwa hiyo hata kazi iwe tamu vipi unageuka kwenye 87. Zamani niliiona kanuni ya waoga. Sasa jumlisha: mimi 35, yeye 50, inakuwa 85. Kama mtungi wa mmoja wetu ungegoma mle ndani na tukalazimika kupumua wawili kwenye mmoja, tungehitaji 85. Kanuni ingetupa 87. Siyo kwamba waliotunga walituona. Ni kwamba theluthi ile ya tatu ni ya mwenzako, na pumzi ya mtu aliyetishika huwa ndefu kuliko ya aliyepanga.

Kuna mambo ambayo watu waliyataja na hayakuhusika. Kimo cha ziwa: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa juu yake ina shinikizo la asilimia 87 hivi ya lile la Dar, kwa hiyo mita 15 za huku mwili unazihesabu kama 17. Ni jambo la kulijua kwa mtu anayefanya kazi kwenye kina kirefu au anayepanda ndege jioni. Kwa kina cha mita tisa kwa dakika kama arobaini, na dogo ameshalala Mwanza siku mbili, halikuwa na uzito. Mamba: hapana. Kichocho: konokono wake hupenda maji ya kingo yenye majani, tulipima baadaye kama tunavyopima kila mara, hatukukutwa nacho. Mizimu ya kisiwa sikupewa vifaa vya kuipima.

Sauti nayo naitaja kwa ufupi kwa kuwa ilinitesa. Sauti inakwenda majini zaidi ya mara nne ya inavyokwenda hewani, inafika masikio yote mawili karibu kwa pamoja, ubongo hauna cha kulinganisha. Kugonga mtungi kunamwambia mwenzako kuna shida. Hakumwambii uko wapi. Dogo hakulijua hilo, mimi nililijua na bado niligeuka huku na huku kama kuku.

Na tochi. Tulikuwa na moja, nilishaikiri. Wenzetu wanaoingia chini ya paa hubeba tatu, na anayebaki kwenye sehemu ya mwanga anahesabu jua kuwa ya kwanza. Kwetu jua ndilo lililofanya kazi na tochi ilikuwa inalificha. Wavuvi wa dagaa wanawasha taa usiku dagaa wajikusanye hapo wasione kingine. Kwa dakika mbili nilikuwa dagaa wa tochi yangu mwenyewe. Mdomo ulitazama mashariki na ilikuwa saa tano. Tungechelewa kula, tukaingia saa tisa alasiri, jua likiwa limepita upande wa pili wa kisiwa, sijui ule ukijani ungekuwepo.

Nimeacha neno mpaka sasa kwa sababu naliona ndilo mzizi, na najua litaonekana dogo.

Hakuna aliyeita pango. Kwa mtu wa Mwanza pango ni kitu cha nchi kavu: pale pimbi wanapoota jua mlangoni, pale watoto wanapojibanza mvua ikiwakuta kilimani. Kina mdomo, kina kiza, kina hadithi. Chini ya maji tunasema mwamba, jiwe, ufa. Nahodha hakukosea, kwa lugha ya kazi yake vitu huzama kwenye mchanga, kwenye tope au chini ya jiwe, na "chini ya jiwe" maana yake ni wavu umenasa, kazi itachelewa. Sisi tukaichukua ile kauli na kuingia nayo. Neno "chini" likatufanya tupime kina, kina kikawa mita tisa, tukacheka. Hakuna neno lililotufanya tupime paa.

Ajabu yake, mawe yale ni yaleyale. Miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka, na mawe ya Igombe yalisimama juani kama yanavyosimama leo ya Capri Point na Bugando. Maji yaliporudi yakayafunika yakiwa vilevile, yamepangana, na vyumba vyake katikati. Mtoto yeyote wa Mwanza angeingizwa pale pakiwa pakavu angesema ni pango bila kuulizwa. Maji ndiyo yaliyofuta jina.

Ningeulizwa pango la majini ni nini, sasa ningejibu hivi: ni mahali popote ambapo ukikata shauri la kupanda juu utagonga kichwa. Meli iliyopinduka ni pango. Waliomtoa hai yule fundi wa MV Nyerere siku ya pili baada ya ajali walikuwa wapiga mbizi wa mapango siku hiyo, wawe walijiita hivyo au la. Kizimba cha samaki kilichofunikwa wavu juu ni pango, na mimi nimeingia mara mia nikiwa na mtungi wa 60.

Laki tatu nazo zilikuwa na sauti. Malipo ya ikitoka ndiyo malipo yanayomfanya mtu akiwa na 130 asirudi kubadilisha mtungi wakati mwingine upo botini, umejaa, mita tisa juu ya kichwa chake. Mtungi ulikuwepo. Kuubadilisha kungechukua dakika kumi. Simlaumu mama, yeye alinunua injini, hakuninunulia papara. Lakini tangu hapo ninaomba nilipwe kwa mzamo, injini ije isije.

Tulirudi baada ya siku nne. Dogo alivaa kilo tano na nusu, akalalamika kwamba anaelea kama kopo, baada ya dakika tano akanyamaza. Mitungi ilikuwa imejaa. Kamba nyembamba nyeupe tuliifunga kwenye jiwe la nje, tukaikaza, tukaifunga tena mdomoni upande wa kushoto, ndipo ikaingia ndani. Aliingia mtu mmoja, mimi, kwa kujisukuma na ncha za vidole kwenye kuta bila kupiga teke hata moja; dogo alibaki mdomoni ameshika kamba, mwili wake ukiwa nje. Tochi zilikuwa nne kwa jumla. Namba ya kugeuka ilikuwa 133, na tuliiandika kwa kalamu kwenye mkono. Pangaboi lilinasuka kwa kulizungusha kinyume, jambo ambalo mara ya kwanza hakuna aliyejaribu kwa sababu tulikuwa tunavuta. Nikaifunga injini kamba nene, nikatoka, na nahodha akaivuta kutoka botini mpaka mdomoni. Pale nje tukaifunga madumu mawili ya lita ishirini midomo ikitazama chini, tukayajaza hewa kidogo kidogo kutoka kwenye kipumulio cha akiba, ikapanda taratibu kama mgonjwa anayenyanyuka kitandani.

Tulitumia dakika kumi na moja ndani na mdomoni. Nilitoka na 150.

Injini hatukuifuta wala kuianika. Injini iliyozama kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ikitolewa hewani huanza kuota kutu palepale, kwa hiyo nahodha alikuwa na pipa la maji ya ziwa tayari kwenye boti, tukaitumbukiza humo, ikasafiri mpaka mwaloni ikiwa bado imezama. Fundi alikuja kesho yake saa sita, akamwaga mafuta, akatoa plagi, akaanza kulalamika kuhusu skrubu za kubania, kwamba zimeliwa ncha na zisingebana hata kigoda. Mama akamtuma kijana dukani kununua mnyororo na kufuli.